Naitwa Bodi: Namna ya Kumwandaa Askari wa Habari kwa Lugha na Desturi za Ugenini

Mwaka 2000 nilikuwa koplo katika kikosi cha Kenya kilichotumikia Umoja wa Mataifa huko Sierra Leone. Kazi yangu ilikuwa kukusanya habari: nani amepita, barabara ipi imefungwa, soko lipi limekosa watu na kwa nini. Doria yangu ya kwanza, mzee mmoja aliyeketi barazani kwake alinitazama usoni akasema, "Aw di bodi?" Mimi, mtoto wa Bungoma niliyejiona nakijua Kiingereza, nikashika neno moja tu: bodi. Kwetu bodi ni maiti. Nikamuuliza ameiona wapi. Akacheka, akarudia swali lake. Nikatoa daftari, nikaandika kwamba raia anaulizia mwili wa mtu, kisha nikapiga redio kambini. Doria nzima ilisimama pale dakika 40, askari wakipekua vichaka, mpaka mtoto wa shule alipotuhurumia. Mzee alikuwa ananisalimu. "Aw di bodi?" ni "hujambo?" ya Kikrio, na jibu lake ni "A tel God tenki", namshukuru Mungu.

Tangu siku hiyo wenzangu waliniita Bodi, na jina halijang'oka.

Nimeshastaafu, naishi Lanet, nje kidogo ya Nakuru mjini. Mara moja moja naitwa kuwaandaa vijana wa habari kabla hawajapanda ndege. Ninayoyaandika hapa ndiyo ninayowafanyisha. Hakuna siri ndani yake, na mwingine anayefundisha askari, polisi au hata wafanyakazi wa misaada anaweza kuyachukua akayatumia.

Kabla ya yote, niseme ninachokiamini, maana ndicho kinachopanga kila kitu kinachofuata. Babu yangu alipigana Bama (Myanmar ya leo) na King's African Rifles (KAR), jeshi la Waingereza la huku kwetu wakati wa ukoloni, katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliyoshuka bonde la Kabaw mwaka 1944, matope yakiwafika magotini. Maofisa wake Waingereza walitakiwa kujua Kiswahili, na walikijua kwa namna yao, kile kilichoitwa KiKAR: lete, kaa, wewe kwenda, pesi pesi. Jioni babu alikuwa akiwaigiza nasi tukicheka hadi machozi. Halafu angenyamaza kidogo na kusema: "Walikuwa na maneno ya kutuambia kila kitu. Ya kutusikia hawakuwa nayo." Lugha ya amri unaweza kuifundisha kwa wiki moja, na haitakuletea habari hata moja. Askari wa habari anahitaji ile nyingine, ya kusikia.

Jua ni lugha ipi hasa

Barua ya kazi huandika jina la nchi. Lugha haisomi barua. Nilipopelekwa Jubaland, kusini mwa Somalia, tuliambiwa "Kisomali", basi. Kufika, nikakuta Kismayo na visiwani kuna Wabajuni wanaosema Kibajuni, ambacho ni Kiswahili cha kwao. Kando ya mto Juba kuna watu wanaosema Kizigula, kile kile cha Handeni, Tanzania, kwa sababu mababu zao walichukuliwa kutoka huko katika karne ya 19. Kuna wanaosema Kimaay, na msemaji wa Kisomali cha redioni hawezi kukielewa hivi hivi. Sisi tulikuwa na kijana kutoka Faza, Lamu, Mbajuni wa kuzaliwa. Ofisi iliyopanga majina ilikuwa imemweka jikoni. Alikuwa akimenya viazi huku wazee ambao angeweza kuongea nao kama babu na mjukuu wakisubiri mkalimani nje ya lango.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya darasa ni ukurasa mmoja wenye safu tatu: lugha ya soko, lugha ya wenye bunduki, lugha ya ibada. Goma, kwa mfano, sokoni utasikia Kiswahili, lakini wanajeshi wa Kongo walipokuwa bado huko, kabla ya Januari 2025, wakiongea wenyewe kwa wenyewe ulisikia Kilingala. Juba, mji mkuu wa Sudan Kusini, sokoni ni Kiarabu cha Juba, na kambini ni Kidinka, Kinuer na nyinginezo. Safu zikijaa ndipo unaamua utafundisha ipi, na nani katika kikosi tayari anayo nusu yake kutoka kwao. Waulize wote, hata wapishi na madereva. Waulize hao kwanza.

Goma nitairudia, kwa sababu ndipo Mkenya anapoanguka kwa urahisi zaidi. Anaona hana haja ya kujifunza, si ni Kiswahili? Ni Kiswahili, naam. Watu ni "batu", watoto ni "batoto", naja ni "niko nakuya", kisamvu ni "sombe", na bei anaweza kutajiwa kwa Kifaransa katikati ya sentensi. Lugha ambayo hujui hata neno moja angalau unajua huijui.

Hesabu saa, usijidanganye

Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, inayofundisha mabalozi wake lugha, hukadiria saa 900 hivi za darasa kwa msemaji wa Kiingereza kukijua Kiswahili cha kufanyia kazi, na 2,200 kwa Kiarabu. Jeshi lao, katika chuo cha lugha cha Monterey, California, humweka mwanafunzi wa Kiarabu darasani wiki 64.

Sisi hupewa wiki sita. Siku tano kwa wiki, saa tano kwa siku: 150. Toa siku ya chanjo, siku ya kupokea vifaa na siku ya mgeni wa heshima, zinabaki 135 ukiwa na bahati. Mwalimu anayemwahidi kamanda kwamba kwa saa 135 vijana watahoji watu kwa Kisomali anaidanganya kamandi, na uongo huo utalipiwa na mtu mwingine barabarani.

Mimi huahidi mambo machache. Askari ataweza kusalimu na kusalimiwa mpaka mwisho, bila kukatiza. Atajua maneno ya ujamaa: baba, mama, kaka, mjomba, shemeji. Atahesabu, atataja siku na nyakati za swala, atauliza njia na bei. Na zaidi ya yote ataweza kumfanya mtu arudie alichosema. Kwa Kisomali ni maneno matatu tu: "ma fahmin", sijaelewa, "mar kale", tena, "tartiib", polepole. Ningekuwa na maneno matatu kama hayo ya Kikrio ile asubuhi, nisingeitwa Bodi.

Mwalimu utamtoa wapi

Novemba 1, 1941, wiki tano kabla ya Wajapani kuishambulia Pearl Harbor, jeshi la Marekani lilifungua shule ya siri ya Kijapani katika banda la ndege kuukuu huko San Francisco. Walimu wanne, wanafunzi 60. Karibu wote walikuwa watoto wa wahamiaji wa Kijapani waliozaliwa Marekani. Mwaka uliofuata serikali ile ile iliwaondoa Wajapani wote pwani ya magharibi na kuwafungia kambini, ikabidi shule nayo ihamishiwe Minnesota. Vijana wakawa wanafasiri nyaraka za adui vitani huku wazazi wao wakiwa nyuma ya seng'enge nyumbani. Shule hiyo ndiyo iliyokua ikawa chuo cha Monterey.

Nawasimulia wanafunzi kisa hiki kwa sababu kila kikosi hufika mahali pa kutafuta wenye lugha, na wenye lugha mara nyingi ni majirani tunaowatazama kwa jicho la pembeni. Msomali wa Nakuru mwenye duka la vitambaa anayesimamishwa kila kizuizi aonyeshe kitambulisho mara mbili hatakuja kukufundisha Kisomali kwa moyo mkunjufu, na hana sababu. Mheshimu kwanza, mlipe kama mwalimu, halafu umwombe. Mimi nilimwendea mmoja kwa chai miezi mitatu kabla sijataja neno darasa.

Kwa wanaokwenda Juba, dawa iko Kibos, pale karibu na Kisumu. Wanubi wa Kibos ni wajukuu na vitukuu vya askari wa Kisudani waliotumikia Waingereza katika KAR, na Kinubi chao ni ndugu wa damu wa Kiarabu cha Juba. "Ana gi ruwa", ninaenda. "Ana bi ruwa", nitaenda. Ondoa gi na bi, "ana ruwa", umeshakwenda. Vijana huipenda sana sarufi ya namna hii, unaishika kabla chai haijapoa. Halafu hajati anayetufundisha huwaambia kwamba maji kwa Kinubi ni "moyo", na kila darasa hupatikana mmoja anayesema amepewa moyo kwenye glasi. Hajati huyu haanzi somo mpaka kila askari amsalimu kwa zamu, mmoja mmoja, na akijibu salamu ya mmoja haharakishi kwenda kwa wa pili. Watu 14, salamu 14. Mara ya kwanza nilitazama saa. Siku hizi sitazami, maana hiyo ndiyo nusu ya somo.

Salamu wiki nzima

Wiki ya kwanza yote ni salamu. Vijana hulalamika, wanataka "mikono juu" na "simama hapo". Nawaambia maneno hayo yapo kwenye kadi ya mfukoni, watayasoma usiku.

Msomali akikutana nawe husema "iska warran". Maana yake ni nipe habari zako. Unajibu "nabad", amani, naye anaulizwa, naye anajibu, na habari ya kweli inaanza kutoka hapo: mvua imenyesha wapi, malisho yako wapi, nani mgonjwa, njia ipi si salama. Msafiri kutoa habari za alikotoka ni desturi ya wafugaji tangu enzi na enzi. Askari anayekata salamu katikati ili aulize "umeona watu wenye silaha?" amejifungia mlango uliokuwa unafunguka wenyewe. Mara nyingi jibu la swali lake lilikuwa sentensi ya tano ya salamu.

Zoezi la wiki hii nimelitoa kwetu Bukusu. Baada ya mazishi ya mzee, anakuja msemaji wa kumuse. Anaongea akitembea mbele ya watu, saa nyingi, na hakuna anayepita mbele yake wala anayemkatiza. Nilipokuwa mtoto nilichapwa kwa kukohoa. Basi darasani mmoja huongea dakika tatu juu ya kwao. Mwenzake haandiki, haulizi, hatikisi kichwa kama mjusi. Kisha anarudia yote aliyosikia mpaka msemaji aseme, "Ndivyo." Siku ya kwanza ni mmoja kati ya kumi anayefika "ndivyo". Wote wanakumbuka majina ya vitu na kusahau nani alimwambia nani.

Majina

Hapa sitapita haraka, kwa sababu nimeona orodha zikiwaweka ndani watu wasiohusika.

Kwanza, tahajia. Kisomali kiliandikwa rasmi kwa herufi za Kilatini mwaka 1972, na herufi mbili humchanganya Mkenya: x ni h nzito ya kooni, c ni ain ya Kiarabu. Kwa hiyo Xasan ni Hassan, Cali ni Ali, Cumar ni Omar. Nimewahi kuona mtu mmoja akiwa watu watatu katika daftari moja: Xasan Cali, Hassan Ali na Hasan Caly. Ukimsoma haraka unadhani kuna kundi.

Pili, hakuna jina la ukoo kama tulivyozoeshwa na fomu za shule. Xasan Cali Cumar ni Hassan mwana wa Ali mwana wa Omar. Ndugu yake wa tumbo moja ataitwa jina lake, kisha Cali Cumar. Dada yake akiolewa habadilishi. Ukiandika "familia ya Omar" umetunga familia.

Tatu, majina ya utani, ambayo ndiyo watu wanayotumia kweli. Dheere ni mrefu, Gaab ni mfupi, Yare ni mdogo. Hata Rais Siad Barre aliitwa Afweyne, mwenye mdomo mkubwa. Kuna akina Dheere wangapi katika mji mmoja? Ukiripoti kwamba "Dheere alikuwepo" umeripoti kwamba mtu mrefu alikuwepo.

Ili liwaingie, naanza na majina ya kwetu. Nawapa orodha: Otieno, Otieno, Atieno, Kiprono, Cherono, Wafula, Nafula. Nawaambia wawe Wasomali waliotumwa Kisumu kutafuta "mtandao wa Otieno". Wanacheka wenyewe. Otieno ni aliyezaliwa usiku, na usiku wa Nyanza una watoto wengi.

Kanuni ninayowaachia: andika jina kama ulivyolisikia, chini yake kama mwenyewe anavyoliandika, kando jina la utani na maana yake. Kama mtu yuko radhi kulitaja, ongeza jina la mama. Mara nyingi mama ndiye anayewatenganisha watu wawili wenye majina matatu yaleyale.

Jumapili ya Kibuye

Wiki ya nne tunapanda matatu alfajiri kutoka Nakuru, kupitia Kericho, hadi Kisumu. Jumapili ndiyo siku kubwa ya soko la Kibuye. Nachagua vijana wasiojua Kijaluo. Jioni ya Jumamosi nimewapa maneno 25: "oyawore", habari ya asubuhi, "nengone adi?", bei yake gani?; "ang'o?", nini?; "erokamano", asante; hesabu hadi kumi, na mengine. Kiswahili na Kiingereza ni marufuku mpaka saa sita mchana. Daftari linabaki kwangu. Kila mmoja ana maswali matatu ya kujibu: omena (dagaa wa ziwani) ya leo imetoka ufuo gani, bei imepanda au imeshuka tangu Jumapili iliyopita, na kwa nini.

Tunavaa nguo za kawaida, lakini hatumdanganyi mtu. Siku mbili kabla nampigia mwenyekiti wa wauzaji, naye anawaambia akina mama kwamba kuna wanafunzi wa lugha watakuja kuwasumbua. Tukimaliza tunanunua, na tunalipa bei bila kubishana.

Safari moja nilikuwa na vijana watatu ninaowakumbuka vizuri. Wa kwanza, mwepesi wa ulimi, alienda meza kwa meza akiuliza "nengone adi? ang'o? ang'o?" Kufika meza ya nne mama mmoja akamgeukia kwa Kiswahili safi: "Wewe kijana, umetumwa na kaunti?" Soko lote upande ule likafunga midomo. Wa pili alipata majibu mengi sana, yote tofauti, akaniletea wastani. Habari haina wastani.

Wa tatu alikuwa binti mdogo kutoka Mwingi, mkimya kiasi kwamba nilikuwa na shaka naye. Alisalimu, akaitwa "nyathina", mwanangu, akaona mama anachambua omena akitoa mawe na magamba ya konokono, akachuchumaa akaanza kuchambua naye. Saa nzima. Aliporudi alikuwa na harufu ya ziwa na habari zote. Omena imetoka Usenge. Bei imepanda. Neno la sababu alilipata palepale, mama akionyesha juu kwa kidole: "dwe", mwezi. Omena huvuliwa usiku kwa taa, na mwezi ukiwa mkubwa taa hazifanyi kazi, boti nyingi hazitoki. Akaongeza ambalo sikuuliza: bei ingeshuka wiki iliyofuata.

Kazi haijaisha hapo. Kwa kila habari namuuliza: mama aliona, aliambiwa, au alikisia? Binti alijua. Boti kutotoka, mama aliambiwa na dereva wa lori. Mwezi, kila mtu anauona. Bei kushuka, mama alikisia, lakini ni kisio la mtu aliyeuza omena miaka ishirini. Majeshi mengi hupima chanzo kwa herufi A hadi F na habari yenyewe kwa namba 1 hadi 6, kila kimoja peke yake, kwa sababu mtu mwaminifu anaweza kusikia vibaya na mwongo anaweza kusema kweli. Vijana hukariri jedwali hilo kwa dakika tano na hawalielewi mpaka wafike Kibuye.

Mkalimani

Huyu ni mwenzako, na mara nyingi ndiye aliye hatarini kuliko wewe, maana wewe utapanda ndege na yeye atabaki. Usimpige picha. Usimtaje jina kwenye redio. Mkae pembetatu, macho yako yawe kwa anayeongea nawe, sio kwa mkalimani. Sentensi fupi. Acha methali na mizaha nyumbani.

Na mkubaliane kuhusu matusi. Kule Jubaland bibi mmoja aliongea dakika tano, mkono ukirushwa huku na huku, na mkalimani wetu akanigeukia: "Afande, anasema hakuna shida." Nikajua kuna kitu. Tulipokuwa peke yetu nikamuuliza polepole. Bibi alikuwa ametutukana sana, kwa sababu lori letu lilikuwa limepita juu ya kisima chake cha kukingia maji ya mvua. Kijana aliona haya kumtukania afande kwa kinywa chake mwenyewe. Tangu hapo kila mkalimani namwambia siku ya kwanza: matusi nipe yote, hayo ndiyo nayalipia.

Desturi

Orodha za "fanya hivi, usifanye vile" zipo nyingi, na za kiatu, mkono wa kushoto na mavazi ni sawa, zifuateni. Mimi hufundisha kitu kimoja kwa kina badala ya ishirini kwa juu. Kwa Somalia nachagua fidia, "mag". Mtu akiuawa, hata kwa ajali, anayelipa si dereva peke yake. Ukoo wake hulipa ukoo wa marehemu, na kipimo cha jadi kwa mwanamume ni ngamia mia. Mwenye kuelewa hilo ataelewa kwa nini wazee kumi watakuja langoni baada ya ajali ya lori, kwa nini hawataki kuongea na dereva, kwa nini siku tatu za kimya ni habari mbaya. Ataelewa pia kwa nini kumuuliza mtu ukoo wake waziwazi ni ufidhuli. Subiri, atakuambia mwenyewe, au shemeji yake atakuambia.

Mengine mawili kwa haraka. Wanawake askari wapelekwe mbele, kwa sababu nusu ya mji haitaongea na mwanamume mgeni, na nusu hiyo ndiyo inayojua nani amenunua unga mwingi kuliko kawaida. Na mkiwa chini ya Umoja wa Mataifa, sera yake kuhusu habari za ulinzi wa amani, iliyotolewa mwaka 2017 na kurekebishwa 2019, inakataza kazi za kificho. Kujifanya mtu mwingine haimo katika kazi yenu. Nakazia hili kwa sababu kila darasa lina kijana mmoja aliyetazama filamu nyingi.

Mtihani

Sitoi mtihani wa karatasi. Natumia redio. Kwa Kisomali, BBC imekuwa ikitangaza tangu 1957. Kwa Kongo kuna Radio Okapi, iliyoanza 2002, yenye Kiswahili na Kilingala ndani yake. Nachukua dakika tatu za habari, tunasikiliza mara tano. Mara ya kwanza andika majina. Ya pili, namba. Ya tatu, nani alimfanyia nani. Ya nne funga daftari. Ya tano andika kile ambacho hukusikia, mahali ambapo masikio yaliteleza. Ukurasa huo wa tano ndio ninaousahihisha.

Siku hizi nina kitu bora kuliko redio. Vijana wanaorudi huniletea sauti kwenye simu, maongezi ya kawaida ambayo wenyewe wamekubali yarekodiwe: mama wa chai, kinyozi, mwenye bodaboda. Darasa la mwisho niliwapa sauti ya mama mmoja wa Kivu, mashariki mwa Kongo, sekunde 20 hivi, Kiswahili kitupu. Katikati anasema, "Leta ilikuya hapa jana." Vijana kumi na wawili, mara ya kwanza, wote wakaandika kwamba mama anataka kitu kiletwe. Mara ya pili vivyo hivyo. Walikuwa wameshaanza kufunga madaftari, Kiswahili bwana, nani asiyekijua.

Mara ya nne mmoja akainua mkono. "Afande, mbona leta 'ilikuya'? Leta inatembea?"

Nikamwambia inatembea, na mara nyingine na bunduki. Kwa Kinyarwanda, na kwa wengi wa Kivu wakiongea Kiswahili chao, Leta ni serikali, neno lililotoka kwa Kifaransa. Mama alikuwa anasema serikali ilifika pale jana. Akauliza sasa aandike nini kwenye ripoti. Nikamwambia aandike "Leta ilikuya", hivyo hivyo alivyosikia, kando aweke maana, chini aweke tarehe, na ukurasa ule wa kwanza waliokosea wote asiuchane.